Daraja la Kirumi linapotikisika

Majuma mawili yaliyopita nilipokea barua kutoka Bunda. Mwandishi wake ni mzee ambaye ujana wake aliumalizia juu ya malori, kwanza utingo, kisha dereva. Anasema alianza kuvuka Mto Mara enzi za pantoni, kabla Kirumi haijapata daraja. Ana maswali mawili. La kwanza: kila akipita Kirumi ndani ya basi, basi likisimama kidogo kupisha gari jingine, anahisi daraja linatikisika. Je, si hatari? La pili: reli ile inayotajwa tajwa ya kutoka Tanga kupitia Arusha hadi Musoma, siku ikijengwa, itapita juu ya daraja hilo hilo au itajengewa lake?

Nimeona maswali haya yanastahili mazungumzo ya wiki nzima, kwa sababu wengi wetu tunaishi kwa daraja hilo bila kulifikiria. Samaki, ng'ombe, saruji, mafuta, mabasi ya kwenda Sirari hadi mpakani na Kenya, wagonjwa, wanafunzi, maiti zinazorudishwa kuzikwa kwao, vyote hupita hapo. Upande huu ni Butiama, upande ule ni Rorya, na mbele yake Tarime. Anayetaka kuvuka Mto Mara kwa barabara bila kupita Kirumi ana njia ya juu, ile inayotoka Tarime kupitia Nyamongo hadi Mugumu, Serengeti. Ni njia nzuri kwa mwenye shughuli Mugumu. Kwa mtu wa Musoma anayekwenda Utegi, ni kuzunguka nusu ya mkoa.

Watu wa mjini Musoma watasema kuna kivuko. Ni kweli, MV Musoma huvuka ghuba kati ya Mwigobero na Kinesi, na kikiwa kizima kinampunguzia msafiri mzunguko mrefu. Bunda nao wana chao, cha Kisorya kwenda Rugezi, kinachowaunganisha na Ukerewe. Kwa hiyo mkoa wetu unazifahamu njia zote mbili za kushinda maji, ya kuelea juu yake na ya kupita juu yake. Nitarudi kwenye vivuko baadaye, maana vina jambo la kutufundisha kuhusu daraja.

Kwanza, kwa nini Kirumi? Mto Mara huanzia kwenye nyanda za juu za Mau nchini Kenya, hupita mbuga za Maasai Mara na Serengeti, na baada ya safari ya karibu kilomita 400 huingia Ziwa Victoria katika ghuba ya Musoma. Lakini kabla ya kufika ziwani hupoteza umbo la mto. Maji hutawanyika kwenye bwawa kubwa la mafunjo na matete, na mgeni akisimama kilimani hawezi kusema mto uko wapi. Hapo huwezi kujenga daraja, labda ujenge la kilomita nyingi juu ya tope. Kirumi ndipo mahali maji yale yanapobanwa tena kabla ya kukutana na ghuba. Waliotangulia walilijua hilo muda mrefu, na ndiyo maana pantoni iliwekwa hapo, na daraja likaja kuchukua nafasi ya pantoni. Wajenzi wengi wa madaraja wamefanya hivyo: wamefuata mahali ambapo wavushaji walikwishapachagua.

Sasa swali la mtikisiko. Nilikwenda Kirumi na kinasa sauti changu, nikasimama pembeni kwa miguu. Pikipiki zilipita, sikuhisi kitu. Likaja lori la mizigo, na kweli, nyayo zangu zilisikia daraja likishuka na kupanda, kama ubao wa kitanda mtu mzito anapokaa. Moyo ulinidunda kidogo. Nilipompigia mhandisi mmoja mstaafu aliyetumia miaka yake kwenye madaraja, alicheka. Alisema daraja refu ambalo halisogei hata kidogo ndilo lingemtia wasiwasi.

Maelezo yake ni haya. Zege ni gumu likibanwa, lakini ni dhaifu likivutwa. Lori likipanda katikati ya nguzo mbili, sehemu ya juu ya daraja hubanwa na sehemu ya chini huvutwa, kama fimbo unayoikunja kwa mikono miwili. Kwa sababu hiyo ndani ya zege hutiwa nondo, na kwenye madaraja marefu nyaya za chuma zilizokazwa sana, ili zibebe ule mvuto ambao zege haliwezi. Chuma na zege hukubali kupinda kidogo, kisha hurudi. Mtikisiko unaoukuta wakati lori linapita, ukaisha mara lori likiondoka, ni daraja linafanya kazi yake.

Kuna na jua. Daraja la zege lenye urefu wa mita 100, likipata tofauti ya nyuzi joto 20 kati ya usiku na mchana, hurefuka kwa karibu sentimita mbili. Sentimita mbili ni kidogo kwa macho, lakini daraja likizibwa pande zote lisipate pa kwenda, nguvu hiyo hupasua zege. Ndipo madaraja marefu huachiwa mianya, ile inayofanya matairi yalie "gadagada" unapoivuka, na juu ya nguzo huwekwa vikalio, mara nyingi mito ya mpira mgumu yenye mabamba ya chuma ndani, ili sakafu isogee bila kuikwangua nguzo. Mianya hiyo ikijaa mchanga na vifuu vya miwa tunayotupa madirishani, daraja hukosa pa kutanukia. Nasema tunayotupa, maana na mimi nimekwisha kufanya hivyo.

Kwa hiyo, mzee wangu wa Bunda, mtikisiko si ugonjwa. Ugonjwa una dalili nyingine. Mtikisiko ambao zamani haukuwapo, au usioisha gari likipita. Sakafu iliyolala upande. Ufa uliokuwa kama unywele na sasa unaingia ukucha. Maji ya kutu yanayochirizika kwenye zege, maana nondo ikipata unyevu huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Na mwanya ambao juzi ulikuwa wa vidole viwili, leo unameza ngumi.

Lakini yule mhandisi aliniambia jambo lililonikosesha usingizi kuliko mtikisiko. Alisema, "Ninyi mnaangalia magari. Daraja huuawa na maji." Madaraja mengi duniani yaliyoanguka hayakuvunjwa na mzigo wa juu bali yalichimbwa chini. Mafuriko yakija, maji yanayogonga nguzo hayana pa kupita mbele, basi sehemu yake huzama chini na kuzunguka kwenye mguu wa nguzo kama kekee ya seremala, yakichota mchanga na kokoto. Maji yakiongeza kasi mara mbili, nguvu yake ya kusukuma huongezeka mara nne. Shimo linaweza kuchimbika kwa usiku mmoja hadi kuufikia msingi. Na hapa ndipo penye hila: mafuriko yakipungua, mto hurudisha tope na mchanga ndani ya shimo lile lile. Mkaguzi akija wiki inayofuata anakuta mto umetulia na nguzo imezungukwa na mchanga kama kawaida, ila mchanga ule ni laini, haushiki kitu.

Majirani zetu Kenya wanalijua hilo kwa msiba. Januari 1993 treni ya abiria ya usiku kati ya Nairobi na Mombasa ilifika kwenye daraja la mto Ngai Ndethya wakati mto umefurika. Daraja lilikwishadhoofishwa na maji. Dereva wa treni gizani huona reli zake mbele, haoni kilicho chini ya reli. Mabehewa yalitumbukia na zaidi ya watu 100 wakafa. Kwetu Tanzania, mvua za mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 zilikata Reli ya Kati upande wa Kilosa na Gulwe, treni zikasimama kwa miezi. Huko nako maji ndiyo yalikuwa adui, yakiondoa matuta na kubomoa njia.

Kirumi ina hali yake ya pekee, kwa sababu inabanwa na maji kutoka pande mbili. Juu kuna mto wenye tabia ya kubadilika ghafla. Misitu ya Mau ikikatwa, mvua inayonyesha huko haipati majani wala mizizi ya kuichelewesha. Hukimbilia mtoni na udongo wake. Chini kuna ziwa, ambalo likijaa huyarudisha maji nyuma hadi bwawani. Mvua za 1961 na 1962 zililipandisha Ziwa Victoria kwa zaidi ya mita mbili ndani ya miaka michache, na kipimo cha Jinja kilifikia mita 13.41 mwezi Mei 1964. Rekodi hiyo ilidumu hadi Mei 2020, ziwa lilipofikia mita 13.42. Wakazi wa kando ya ziwa Musoma wanaikumbuka 2020 bila kuhitaji kipimo; maji yaliingia hadi vyumbani.

Halafu kuna mafunjo. Wavuvi wanajua kwamba upepo na mafuriko hukata vipande vya mafunjo vikubwa kama kiwanja cha mpira, vikaelea kama visiwa. Kisiwa kama hicho kikikutana na nguzo, hukaa. Kingine huja nyuma yake. Maji yaliyokuwa na nafasi pana ya kupita sasa yana nafasi finyu, na maji yakifinywa huongeza kasi, na kasi, kama tulivyosema, ndiyo inayochimba. Kuondoa mafunjo chini ya daraja inaonekana kazi ya kibarua na panga lake, wala haipigiwi picha na viongozi, lakini ni ulinzi wa daraja sawa na nondo.

Na mchanga. Mtu anayechimba mchanga wa kujengea karibu na nguzo za daraja lolote, hata dogo la kijijini, anaifanya kwa sepetu kazi ambayo mafuriko yangeifanya kwa miaka. Tena anauuza kwa tripu.

Sijasahau mzigo. Njia ya kutoka Mwanza hadi Sirari huvuka mito mingi, Simiyu, Mbalageti, Rubana, kabla ya kufika Mara, na lori lililozidisha uzito hulidhuru kila daraja kwa zamu. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia 2019, inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari kubwa kabisa pamoja na mzigo wake, na tani 10 kwa ekseli moja ya matairi manne. Madereva wanalalamika kuhusu foleni za mizani, na wakati mwingine wana haki ya kulalamika. Lakini majaribio yaliyofanywa huko Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba ekseli ikibeba uzito mara mbili, madhara kwa barabara hayawi mara mbili, huwa karibu mara 16. Daraja nalo lina kumbukumbu. Chuma kinachokunjwa na kukunjuliwa kupita kiasi huchoka, kama waya unaoukunja huku na huku hadi ukatike mkononi, bila siku hata moja kuuvuta kwa nguvu.

Hapo ndipo niingie kwenye swali la pili, la reli. Jibu fupi ni kwamba treni haiwezi kupandishwa tu kwenye daraja la magari. Magari hupishana, huacha nafasi, moja zito, jingine jepesi. Treni ya mizigo ni tani elfu na zaidi zilizofungwa pamoja, zinaingia darajani kwa mpigo mmoja, behewa baada ya behewa, na ikifunga breki juu ya daraja, nguvu ile yote husukuma sakafu kwenda mbele. Nguzo za daraja la reli kwa hiyo hujengwa kuhimili kubebeshwa na kusukumwa pia.

Kuna na mwinuko. Lori hupanda kilima likinguruma kwa gia ya kwanza. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza, hivyo njia ya reli haitaki kupanda zaidi ya mita mbili hivi kwa kila mita 100. Daraja la reli haliwezi kuruka juu kwa ghafla na kushuka. Lazima lianze mbali, kwa tuta refu au kwa msururu wa nguzo. Aliyepanda treni ya umeme inayotoka Dar es Salaam, ile iliyoanza kubeba abiria 2024, amepita juu ya daraja lenye urefu wa zaidi ya kilomita mbili ndani ya jiji, mahali ambapo hakuna mto wowote wa kutisha.

Wapo waliounganisha maji na reli bila daraja kabisa. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, mizigo ya Uganda ilishushwa na kupanda meli. Hali hiyo ilidumu hadi daraja la reli la Jinja lilipokamilika 1931 na treni ikafika Kampala. Baadaye, miaka ya 1960, zikaja Umoja na Uhuru, meli zenye reli ndani ya tumbo lake. Behewa halikushushiwa mzigo, lenyewe lilisukumwa melini kwa daraja fupi la gatini linalopanda na kushuka kufuata kina cha ziwa. Nami huona ajabu kidogo nikifikiri kwamba maji yanayopita chini ya Kirumi leo, yasipogeuka mvuke njiani, huvuka ziwa lote na kupita Jinja, chini ya lile daraja la 1931 na chini ya daraja jipya la magari la mita 525 lililofunguliwa Oktoba 2018, kabla ya kwenda zake Misri.

Basi mzee wangu, reli ya Tanga, Arusha hadi Musoma imefanyiwa upembuzi na kuzungumzwa kwa miaka mingi, lakini haijajengwa. Hata ikijengwa haitafika Kirumi. Musoma iko kusini ya Mto Mara. Reli inayotoka Arusha ingeishia bandarini, na mizigo ya Uganda ingepanda meli hapo. Daraja la Kirumi litabaki la magari na la watembea kwa miguu.

Nilisema nitarudi kwenye vivuko. Kivuko kikiharibika, mkoa mzima hujua asubuhi hiyo hiyo. Foleni inaonekana, abiria wanapiga simu redioni, mkuu wa wilaya anaulizwa. Kikizidisha abiria, kila mtu anaona, hata kama hakuna anayezuia. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilizama jirani na kisiwa cha Ukara na zaidi ya watu 200 wakapotea. Foleni ya kivuko ndiyo iliyosukuma ujenzi wa daraja la Mkapa kule Rufiji, la mita 970, lililofunguliwa 2003, na daraja la Kigongo na Busisi, kilomita tatu juu ya maji ya Ziwa Victoria, lililofunguliwa Juni 2025. Lakini siku daraja linapofunguliwa, kelele zote huisha. Daraja halina foleni ya kulalamikia. Hukaa kimya, nasi tunakaa kimya pamoja nalo, hadi siku yake.

Siku yake ikifika, tunajua inavyokuwa. Novemba 1978 majeshi ya Idi Amin yalilibomoa daraja la Kyaka kwenye Mto Kagera, yakijua kwamba jeshi letu likikosa daraja hilo limekatwa mguu. Wanajeshi wetu walilazimika kuvuka kwa madaraja ya muda, vipande vya chuma vinavyounganishwa papo hapo. Jenerali David Musuguri, mtoto wa Butiama aliyefariki Oktoba 2024, alikuwa miongoni mwa makamanda wa vita ile. Amin alihitaji baruti. Mto Mara hauhitaji, unahitaji miaka kadhaa ya kutoangaliwa.

Wakala wa barabara kuu, TANROADS, ndio wenye dhamana ya kulikagua daraja hili, na sina sababu ya kusema hawalikagui. Ombi langu ni dogo. Kila baada ya mafuriko makubwa, wananchi wa Musoma, Butiama, Rorya na Tarime waambiwe kwa lugha ya kawaida: wataalamu wamepima kina cha mto kwenye miguu ya nguzo, wamekuta hiki, watafanya hiki, tarehe fulani. Kipimo cha kina si siri ya jeshi. Hata wavuvi walio na kamba na jiwe wanacho.

Nilipomaliza kurekodi siku ile niliteremka hadi majini. Mvuvi mmoja alikuwa amefunga mtumbwi wake, anatengeneza wavu. Nikamwuliza kama amewahi kuona lolote la ajabu kwenye nguzo. Akanionyesha alama za maji zilizobaki juu ya zege, moja ya mafuriko haya, nyingine ya mafuriko yale, anazijua zote kwa miaka yake. Nikamwuliza nani mwingine amewahi kuja kumwuliza. Akaendelea na wavu wake, akasema mimi ndiye wa kwanza.